Kikulacho Ki Nguoni Mwako
(Hotuba ya Kamati ya Matengenezo mbele ya mkutano mkuu wa wanachama wa redio ya ridhaa, Tanga)



Miezi miwili iliyopita mlitutuma sisi watu watano tukakague kituo chetu cha redio, kisha tuwaletee jawabu la swali moja. Swali lenyewe lilikuwa hili: fedha ya michango iliyomo sandukuni inunue mtambo mpya, au itengeneze kituo tulicho nacho? Tumekagua. Tumepanda juu, tumechimba chini, tumepima na tumeandika. Leo tumekuja kutoa hesabu ya kazi mliyotupa.

Hatujasahau maneno yaliyosemwa katika mkutano uliopita. Wako waliosema mtambo umezeeka na hatusikiki kwa sababu yake. Wako waliosema wazee wa chama wanang'ang'ania vyuma vikuukuu kama urithi wa babu. Wako walionyamaza, wakatoka, na hawajarudi hata leo. Viti vyao mnaviona vitupu. Kamati yenu inaona hasara ya viti hivyo ni kubwa kuliko hasara ya waya na vyuma, kwa maana waya hununuliwa dukani, lakini mwanachama aliyekata tamaa hanunuliki. Kwa hiyo tunawaomba mtusikilize mpaka mwisho, kisha mtuhukumu.

REDIO YA RIDHAA NI NINI

Kwa kuwa tunao wageni, yafaa kwanza tuseme tunafanya nini. Sisi si kituo cha matangazo. Hatuchezi muziki wala hatuuzi kitu. Redio ya ridhaa ni kazi ya watu waliosoma, wakafanya mtihani, wakapewa leseni na serikali, wakaruhusiwa kutuma na kupokea kwa masafa yaliyotengwa kwa ajili yao duniani kote. Hawalipwi hata senti. Umoja wao wa kimataifa uliundwa Paris mwaka 1925, na hata leo mtu wa Tanga aweza kuzungumza na mtu wa Japani au Brazili bila waya wa simu, bila setilaiti, bila kumwomba mfanyabiashara yeyote ampitishie sauti. Kinachohitajika ni mtambo wake, antena yake, na anga la Mwenyezi Mungu.

Kila kituo kina jina lake la hewani. Wakati wa utawala wa Mwingereza majina ya Tanganyika yalianza kwa VQ3, na ya Zanzibar kwa VQ1. Baada ya Uhuru tulipata herufi zetu wenyewe, 5H. Anayesikia 5H popote duniani anajua mara moja kuwa Tanzania inasema. Basi tujiulize bila kuoneana haya: ni lini mara ya mwisho 5H ya kituo chetu kusikika mbali? Tumefungua daftari la mazungumzo. Kurasa za zamani zimejaa majina ya nchi. Kurasa za karibuni ni nyeupe.

KWA NINI JAMBO HILI SI MCHEZO

Wako watakaosema, simu ziko kila mfukoni, redio hii ya nini? Tunawajibu kwa mambo yaliyotokea.

Tarehe 26 Desemba 2004 tetemeko la ardhi chini ya bahari karibu na Sumatra liliinua mawimbi yaliyoua watu kwa maelfu mengi. Mawimbi hayo yalivuka Bahari ya Hindi yakafika hata pwani yetu ya Afrika Mashariki. Katika visiwa vya Andaman simu zilikatika. Wakati huo, mjini Port Blair, alikuwapo mama mmoja wa Kihindi, Bharathi Prasad, aliyekuja na wenzake kwa shughuli ya redio ya ridhaa, na jina lake la hewani lilikuwa VU4RBI. Redio yao ikawa njia ya kupeleka habari za walio hai na za waliohitaji msaada. Mlisikie vizuri jambo hili: antena yake haikusimamishwa baada ya maafa. Ilikuwa imekwisha kusimama na kufanya kazi kwa wiki kadhaa. Siku ya msiba haingojei mtu aende kununua waya.

Machi 2019 kimbunga Idai kiliupiga mji wa Beira, Msumbiji. Umeme ukakatika, simu zikakatika, barabara zikafunikwa na maji. Mwezi Mei 2024 kimbunga Hidaya kilikuja mpaka pwani ya Tanzania yenyewe. Na tarehe 12 Mei 2024, wiki moja tu baadaye, nyaya za chini ya bahari zikapata hitilafu, intaneti ikadhoofika katika nchi nyingi za Afrika Mashariki, na sote tukaona jinsi ofisi na biashara zilivyokwama.

Siku ile ya tarehe 12 Mei baadhi yetu tulikimbilia chumba cha redio. Tuliwasha mtambo, tukaita, tukaita tena. Hakuna aliyetujibu. Tulitoka mmoja mmoja, kila mtu akijifanya ana haraka ya kwenda nyumbani. Ndugu zetu, tulipotakiwa tuwe na sauti, tulikuwa mabubu.

TULIVYODANGANYWA NA MITA

Sasa tuje kwenye ukaguzi.

Tulianza na mtambo, maana ndio ulioshitakiwa. Tuliufungua, tukapuliza vumbi, tukasafisha feni na kubadili fyuzi moja iliyokuwa imeungua kona. Kisha hatukuunganisha antena. Tuliunganisha ukinzani wa omu 50, ambao kazi yake ni kumeza nguvu yote na kuigeuza joto, ili tuujaribu mtambo peke yake. Mita ikasema wati 100. Wati 100 ndizo ulizozaliwa nazo mtambo huo kiwandani. Mshitakiwa hana kosa.

Tukajiuliza, kama wati 100 zinatoka hapa mezani, zinapotelea wapi? Tulichukua ule ukinzani na ile mita, tukapanda navyo mpaka juu ya mlingoti, kule ambako kebo inaungana na antena yetu ya vijiti vitatu ya masafa ya megahezi 28. Tukapima nguvu inayofika huko. Ndugu zetu, kati ya wati 100 zilizoingia chini, zilifika wati 19. Wati 81 ziliishia njiani, ndani ya kebo yenyewe, zikawa joto la bure.

Hapo mwenzetu mmoja alisema neno ambalo sote tulilijua tangu utotoni: kikulacho ki nguoni mwako.

Lakini liko jambo lililotuaibisha zaidi. Kwa muda wote huo tulikuwa na mita pale mezani, ile inayopima wimbi linalorudi kutoka kwenye antena. Antena ikiwa mbaya, sehemu kubwa ya wimbi hugonga mwamba na kurudi, na mita husema namba kubwa. Antena ikiwa nzuri kabisa, mita husema 1 kwa 1. Mita yetu ilikuwa ikisema 1.5 kwa 1 au karibu yake, nasi tukafurahi. Tuliandika katika taarifa ya mwaka kwamba antena ni nzima.

Basi tulifanya jaribio. Tuliifungua kebo kule juu, tukaiacha wazi, haikuungana na kitu chochote. Antena hakuna. Mwenzetu aliyebaki chini akapaza sauti kusoma mita: 1.5 kwa 1.

Sababu yake ni nyepesi, na tunaomba kila mmoja aielewe. Wimbi lilitoka mezani lina nguvu, kebo ikalila njiani. Lililofika juu likagonga na kurudi, kebo ikalila mara ya pili. Lililofika mezani lilikuwa kidogo mno hata mita ikadhani hakuna kilichorudi. Ubovu wa kebo uliuficha ubovu wa antena. Mita haikusema uongo. Ilisema ilichokiona pale ilipowekwa, na sisi ndio tuliokaa kitini tukaridhika nayo. Kiongozi anayeuliza habari za shamba akiwa kivulini naye huletewa habari za namna hiyo hiyo, kwamba mambo ni mazuri, kumbe mashina yamekwisha kuliwa na mchwa.

TULICHOKIKUTA JUU NA CHINI

Tuliishusha kebo tukaikata. Maji yaliingilia kwenye kiungio cha juu. Aliyekifunga alitumia utepe wa kawaida wa mafundi wa umeme, jua la miaka likaupasua, mvua za masika zikapata mlango. Tulikata mita ya kwanza, wavu wa shaba ulikuwa mweusi. Mita ya pili, mweusi. Mpaka mita ya kumi na moja tulikuwa bado tunaona weusi. Kwenye kiungio cha chini, ndani ya chumba, tulipokifungua, tone la maji lilidondoka mezani. Maji ya mvua yalikuwa yamesafiri mita 40 ndani ya kebo mpaka kufika nyuma ya mtambo.

Na hata isingeingia maji, kebo ile haikufaa. Ni ile nyembamba iitwayo RG-58, iliyonunuliwa kwa sababu ni rahisi. Kwa urefu wa mita 40 na masafa ya megahezi 28, kebo hiyo ikiwa mpya kabisa hufikisha juu karibu nusu tu ya nguvu. Kebo nene ya RG-213, kwa urefu huo huo, hufikisha wati 70 hivi katika kila 100. Tuliokoa fedha siku moja, tukalipa nusu ya sauti yetu kila siku.

Kisha tuliipima antena yetu ya waya, ile ya masafa ya megahezi 7 iliyofungwa kati ya mlingoti na mnazi. Kanuni yake ni rahisi, na kila kijana wa chama sharti aijue kwa moyo: chukua 143, gawanya kwa masafa ya megahezi, utapata urefu wa waya wote kwa mita. Kwa megahezi 7.1, jawabu ni mita 20.14, yaani kama mita 10 kila upande. Yetu tuliikuta ina mita 21.2. Kwa nini? Mnazi huyumba kwa upepo. Kila ulipoyumba sana waya ulikatika. Kila ulipokatika tuliuunga kwa kipande. Na kila tulipouunga uliongezeka. Hakuna aliyeushusha akaupima. Urefu ule unafaa kwa megahezi 6.75, mahali ambapo sisi hatuna ruhusa hata ya kukohoa.

Mlingoti wenyewe, wa mita 12, bomba lake bado ni imara. Lakini kati ya waya tatu za juu zinazoushikilia, moja ilikatika zamani, na mahali pake ilifungwa kamba ya katani, "kwa muda." Sisi ni watu wa Tanga. Katani imetulisha, imetusomesha, nasi twaiheshimu. Lakini kamba ya katani ikilowa hukaza, ikikauka hulegea, na ikikaa juani na mvuani mwaka baada ya mwaka huoza. Tuliigusa kwa mkono ikakatika kama uzi. Kwa hiyo mlingoti wetu ulikuwa umesimama kwa waya mbili na bahati, na chini yake ndipo watoto wa jirani wanapocheza mpira.

Mwisho tuliuchimbua waya wa ardhini, ule unaotakiwa kupeleka nguvu ya radi udongoni. Kiungio chake kilikuwa kimeota kijani na kuachana na nondo. Radi ingeshuka, isingekuta njia nyingine ila chumba chetu.

NANI MWENYE KOSA

Tungeweza kuishia hapo tukasema munyu wa bahari, jua na mvua ndio walioharibu. Ni kweli waliharibu. Lakini munyu wa bahari ulikuwapo kabla ya chama hiki, na wote tulijua tunaishi pwani.

Kosa ni letu, na sisi wanakamati tumo. Tuliacha kuushusha mlingoti kila mwaka kwa kuwa ni kazi ya jasho. Tuliacha kuandika katika daftari la matengenezo. Kitu kilipoharibika tulikifunga kwa kamba tukasema tutarudi. Na tuliposhindwa kusikika tulitafuta wa kumlaumu. Kwanza tulililaumu jua, tukasema mzunguko wa jua ni mbaya. Mzunguko wa jua ni jambo la kweli: kila miaka 11 hivi jua hupanda na kushuka nguvu, na masafa ya megahezi 28 hufunguka au hufungwa pamoja nalo. Lakini mwaka 2024 jua lilifika kileleni, masafa yale yakafunguka, wenzetu wa nchi nyingine wenye wati 5 tu wakawa wanazungumza kuvuka bahari. Sisi wenye wati 100 tuliendelea kuita peke yetu. Jua lilipotunyima udhuru, tukamlaumu mtambo. Na mtambo ulipoanza kutetewa na wazee, tukalaumiana.

Hivyo ndivyo watu wa chama kimoja wanavyogombana kwa ajili ya kiungio kilichoingia maji.

KAZI INAYOTUNGOJA

Sasa tunaleta mapendekezo yetu. Tunashauri fedha isinunue mtambo mpya. Mtambo mpya wa wati 100, ukiunganishwa na kebo ile, ungefikisha wati 19 zile zile. Tungekuwa tumenunua moto wa kupashia kebo joto. Fedha iliyopo yatosha kununua kebo nene, waya za chuma zilizopakwa zinki, nondo ya shaba na viungio, na itabaki akiba ndogo ya betri. Haitoshi kufanya yote mawili.

Kazi tutaifanya wenyewe, kwa mpango huu.

Kwanza, mlingoti utashushwa wote mpaka chini. Hapatakuwa na mtu atakayepanda kwenye mlingoti ulioshikwa na waya mbili. Sisi tulipopanda kupima tuliufunga kwanza kwa kamba mpya pande nne na kuvaa mikanda, na hata hivyo tunawaambia wazi kuwa hatukulala vizuri usiku wake. Utashushwa siku isiyo na upepo, wala si siku ya mawingu. Atakuwapo msimamizi mmoja, na sauti yake peke yake ndiyo itakayofuatwa. Nao hautasimamishwa tena mahali ulipokuwa. Nguzo za umeme zimeletwa karibu tangu ulipojengwa. Sheria ya mafundi ni kwamba mlingoti uwe mbali na waya za umeme kwa angalau mara moja na nusu ya urefu wake. Wetu wa mita 12 wataka mita 18. Tumepima, kona ya mashariki ya kiwanja ina nafasi hiyo. Waya wa antena ukiangukia waya wa umeme, hakuna ujuzi utakaomwokoa aliyeushika.

Pili, bomba litakwanguliwa kutu, lipakwe rangi ya kuzuia kutu mara mbili, na kila nati ipakwe grisi. Waya za kushikilia zitakuwa mpya zote. Mbaya moja huwasaliti nzuri mbili.

Tatu, viungio vyote vitalehemiwa upya. Shaba isafishwe mpaka ing'ae kabla ya kutia lehemu. Kisha kila kiungio cha nje kifungwe kwa utepe wa mpira unaoshikana wenyewe kwa wenyewe, na juu yake ule utepe wa kawaida kuulinda na jua. Kebo, kabla ya kuingia dirishani, iachwe ining'inie chini kama kitanzi kisha ipande kuingia ndani, ili maji yanayotiririka yadondokee nje. Kitanzi hicho hakigharimu hata senti moja.

Nne, antena ya waya itakatwa kwa kipimo, na upande wa mnazi itapita kwenye kapi, na mwisho wa kamba utafungwa ndoo ya mawe. Mnazi ukiyumba, ndoo itapanda na kushuka, na waya hautakatika. Mabaharia wetu wanajua siku nyingi kwamba kamba isiyopewa nafasi hukatika.

Tano, nondo mpya ya ardhini itapigiliwa, na vyuma vyote vya kituo viungwe kwenye ardhi moja. Lakini tusidanganyane: radi ikikaribia, kebo ifunguliwe na itolewe nje ya chumba kabla dhoruba haijafika. Nondo inasaidia, haifanyi miujiza.

Sita, mita ile ya mezani ibaki, lakini kila mwaka kabla ya masika watu wawili wapande na ukinzani na mita, wapime nguvu inayofika juu, na waandike namba hiyo ukutani kwa rangi, kila mtu aione. Mwaka huu tutaandika 19. Tusiifute. Iachwe pale na namba za miaka ijayo ziandikwe chini yake.

WAZEE NA VIJANA

Liko neno moja la mwisho. Katika watu watano mliotutuma, mmoja ni mzee aliyeanza redio enzi za taa za kioo, na mmoja ni binti aliyepata leseni yake mwaka jana. Mzee magoti hayamruhusu tena kupanda. Binti alikuwa hajawahi kulehemu kiungio cha kebo. Katika mkutano uliopita walikaa pande mbili za ukumbi na hawakusalimiana, maana yule alikuwa upande wa mtambo wa zamani na huyu upande wa mtambo mpya.

Siku ya kupima, binti ndiye aliyepanda na mita. Mzee alikaa chini kwenye kigoda akimwelekeza: shika hapa, fungua pale, usiiache ikaning'inia. Binti aliposoma namba ya kwanza alipaza sauti, "Mzee, ni kumi na tisa!" Mzee akasema haiwezekani, soma tena. Akasoma tena. Mzee akavua kofia akanyamaza kitambo. Kisha akasema, "Mwanangu, kile kiungio nilikifunga mimi kwa mkono wangu." Binti akamjibu, "Shikamoo mzee, basi ukishuka mchana huu utanifundisha kukifunga kisirudie." Wote tulicheka, kwa maana aliyetakiwa kushuka ni yeye, si mzee.

Mchana ule walikaa pamoja mpaka magharibi. Viungio vitatu vya kwanza alivyolehemu binti vilikatwa na mzee na kutupwa. Cha nne kilipita. Kipo hapa mezani, mnaweza kukitazama.

Kwa hiyo ndugu zetu, tunawaomba mpige kura leo kwa kunyoosha mikono. Mkikubali, kazi itaanza Jumamosi ijayo saa moja asubuhi, kabla jua halijapanda. Twahitaji watu kumi na wawili wa kushika kamba, na watu wanne wa kuchimba. Mwenye msasa aje na msasa. Mwenye brashi ya waya aje na brashi. Mama zetu wamekwisha kuahidi uji na mihogo. Na kila mmoja wetu, kabla ya Jumamosi, aende kwa mwanachama mmoja aliyetoka katika mkutano ule na hakurudi. Asiende kubishana naye. Amwambie tu kwamba mtambo hauna kosa, kebo ndiyo mbovu, na tunakosa mtu mmoja wa kushika kamba.